Orfilia Techera, Msusi Aliyeshindwa Kura Mbili

Wasikilizaji wapendwa, habari zenu za asubuhi. Leo hatuanzi na bei za ng'ombe, wala hatuanzi na kina cha maji ya mto. Mtanisamehe. Leo tunaanza na msiba.

Orfilia Techera, msusi wa Mtaa wa Treinta y Tres, amefariki. Narudia kwa wale ambao ndio kwanza wamewasha redio: Bi Orfilia Techera amefariki dunia jana asubuhi, nyumbani kwake hapa hapa Rincón del Sauce, akiwa na umri wa miaka tisini na moja. Atazikwa leo saa kumi alasiri.

Mimi ni Elbio Fagúndez. Mmenizoea kwa matangazo ya vifo, na najua mnanisema kwamba nayasoma mbio kama mtu anayekimbilia basi. Hili la leo silisomi mbio.

Nani asiyemjua Orfilia? Nusu ya wanawake wa mji huu waliolewa na nywele alizozitengeneza yeye. Na alikuwa na mdomo, jamani. Siku moja padri aliingia saluni kumsalimu, akakaa kwenye kiti kusubiri chai. Orfilia akamtazama kile kichwa kinachong'aa, akasema, "Baba Padri, kiti hicho ni cha wateja. Wewe umekuja kuniharibia biashara." Padri mwenyewe ndiye aliyenisimulia, huku akicheka mpaka machozi.

Aliolewa na Bentancor, fundi wa reli, mtu mpole ambaye moyo ulimsimama akiwa bado kijana. Akamwachia mtoto mmoja tu. Heber. Mtoto mmoja, wasikilizaji wapendwa, mwembamba, masikio yametoka nje kama vishikio vya sufuria. Mama yake alimkata nywele mwenyewe mpaka siku alipopanda basi kwenda Montevideo kusoma. Kule alipata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akaingia chama cha wafanyakazi.

Nyuma ya saluni kuna uani wenye mzabibu, na ng'ambo ya ule uani kuna nyumba ya pili. Hapo aliishi kaka yake, Amílcar Techera, mwenye bucha, pamoja na mkewe Zulma na mtoto wao Nelson. Mkumbukeni Amílcar, kwa sababu habari ya Orfilia haisimuliki bila yeye. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono kama makoleo, anayepiga mluzi tangu anafungua bucha mpaka anafunga.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka sabini na sita, wanajeshi wakiitawala nchi. Saluni haikuwa na simu. Bucha ilikuwa nayo. Amílcar alivuka uani akiwa na aproni yake imejaa damu, akaingia saluni bila kubisha. Wateja wakacheka, wakadhani ni utani.

"Orfilia, funga saluni."

"Nifunge vipi? Nina watu wawili wamepakwa rangi."

"Funga, dada."

Rafiki wa Heber alikuwa amepiga simu. Heber amechukuliwa na wanajeshi. Wamemtoa kazini, mbele ya wenzake, akiwa na wino mikononi. Wale wanawake wawili walitoka pale na rangi kichwani, wakaenda kujiosha makwao. Mmoja wao alikuwa mama yangu.

Ikaanza safari ya Montevideo. Kila baada ya Jumamosi moja, Amílcar aliifunga bucha mapema, akampakia dada yake kwenye gari la nyama, wakaenda hadi lango la kambi moja ya jeshi. Orfilia alibeba furushi: fulana, soksi, suruali safi, chupa ya jamu. Askari wa lango alipokea, akaandika, akasema, "Haya, mama, itamfikia." Kwa miezi minne walipokea. Hakuruhusiwa kumwona, lakini walipokea, na yeye akawa anarudi nyumbani amenyooka, anasema, "Leo ana soksi kavu."

Katika mwezi wa tano wa safari zile, askari alikuwa mwingine. Orfilia alinisimulia mazungumzo yale mara moja tu katika maisha yake, na sijayasahau.

"Mama, hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Amehamishwa?"

"Hajawahi kuwepo."

"Na nguo je?"

"Nguo gani?"

Hivyo tu. Nguo gani. Njiani kurudi Amílcar alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akatapika. Orfilia alibaki ndani, furushi mapajani. Aliniambia, "Elbio, mimi sikulia. Nilikuwa najiuliza ile jamu alikula nani."

Heber Bentancor alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hajaonekana tena.

Nataka mjue jambo moja kabla sijaendelea, hasa nyinyi vijana. Amílcar hakuwa mwoga. Mwaka wa themanini wanajeshi walituletea katiba yao, wakatuita kuipigia kura: ndiyo au siyo. Hakuna aliyethubutu kusema siyo kwa sauti. Basi watu wakabuni lugha yao. Waliwasha waipa za magari, zile za kufutia mvua, kwa kuwa zinakwenda kushoto na kulia kama kidole kinachokataa. Amílcar alizunguka mji huu wiki nzima na gari lake la nyama, jua kali, mbingu nyeupe, waipa zinapiga kioo kikavu kwi, kwi, kwi. Polisi mmoja alimsimamisha.

"Techera, kuna mvua?"

"Bado, afande. Lakini inakuja."

Na siyo ikashinda. Nchi nzima, chini ya bunduki, ilisema siyo. Jumatatu ile nilimwona Amílcar kambeba dada yake mgongoni kama gunia, wanazunguka uani chini ya mzabibu, na Zulma anapiga kelele watavunja mifupa. Nadhani ndiyo siku ya mwisho mji huu kumsikia Orfilia akicheka namna ile.

Wanajeshi wakaondoka, pole pole. Rais wa kuchaguliwa akaja. Halafu, mwishoni mwa mwaka themanini na sita, ikapitishwa ile sheria. Mnaijua. Sheria iliyosema kwamba wanajeshi na polisi hawatashtakiwa kwa waliyoyatenda. Waliochukua watu hawataulizwa. Narudia: hawataulizwa.

Katiba yetu ina mlango mmoja. Robo ya wapiga kura wakitia sahihi, sheria inarudi kwa wananchi, wananchi wanaamua. Basi Orfilia, akiwa karibu na miaka sitini, alinunua meza ya kukunja. Akaiweka uwanjani mbele ya kanisa kila Jumapili. Siku nyingine alikwenda nyumba kwa nyumba. Na saluni ikageuka baraza la siasa.

Kulikuwa na mke wa ofisa mmoja mstaafu wa jeshi, simtaji, marehemu naye sasa. Alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia, kichwa kimejaa rola.

"Orfilia, wewe tengeneza nywele, bwana. Mambo haya waachie wanasiasa. Yaliyopita yamepita."

"Yamepita wapi? Nionyeshe nami nikaangalie."

"Unataka kutuletea vita tena?"

"Nataka sahihi yako. Nywele nitamaliza bure."

Yule mama aliinuka, akatoka na rola zake zote, akakatiza mtaa mzima wa Treinta y Tres mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wanatoka benki. Watu walicheka juma zima. Lakini baada ya hapo wateja walipungua. Waliokuwa wakimwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara sasa walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Amílcar alitia sahihi. Alikuwa wa kwanza kwenye meza ile. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa kama la kwenye bango la bucha.

Sahihi zikafika. Nchi nzima zikafika. Ndipo ikatangazwa kwamba nyingi zina walakini: hii hailingani, ile haisomeki. Wenye nazo waje wenyewe mbele ya maofisa, wathibitishe kwa mkono wao. Ilikuwa Desemba ya themanini na nane. Watu walipanda ndege kutoka ng'ambo kuja kutia sahihi upya. Wagonjwa walibebwa. Na kati ya majina yaliyobandikwa hapa kwetu, lilikuwepo la Amílcar Techera.

Hakwenda.

Orfilia alisimama nje ya ofisi ile akimsubiri. Kutoka pale mpaka bucha ni mwendo wa mtu kumaliza sigara. Alisubiri mpaka mlinzi akafunga mlango, akamwambia, "Bi Orfilia, nenda nyumbani, jua litakuua."

Kilichotokea, Zulma alinieleza jana tukiwa tumekaa jikoni kwake. Ana miaka themanini na saba, akili yake nzima. Alisema, "Andika, Elbio, waambie watu. Nimechoka kulibeba." Juma moja kabla ya siku zile za sahihi, mwanamume mmoja wasiyemjua aliingia buchani. Shati safi, nywele fupi. Akaomba kilo ya nyama ya mbavu. Amílcar akawa anakata. Yule mtu akasema, "Nelson wako amekuwa kijana mkubwa. Namwona akipita na baiskeli kwenda kiwandani. Ile barabara ya mtoni haina taa, ee?" Akachukua nyama yake, akashukuru, akaenda.

Basi. Hakusema zaidi. Amílcar aliacha kupiga mluzi siku ile.

Jioni ya siku ambayo mlango ulifungwa, Orfilia alirudi akamkuta kaka yake ameketi chini ya mzabibu. Zulma alikuwa dirishani. Alisikia yote.

"Nilikusubiri."

"Najua."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Basi niambie kitu, Amílcar. Chochote. Sema ulisahau."

"Sikusahau, dada. Nina mtoto aliye hai."

Kisha Orfilia akauliza, taratibu kabisa, "Na mimi nina nini?"

Amílcar akaangalia mikono yake. Mwisho akasema, "Na kura ikija, nitapiga ya njano, ya kuiacha sheria. Bora ulisikie kwangu."

"Utampigia aliyemchukua Heber."

"Nitampigia Nelson."

Wasikilizaji wapendwa, nimeishi na maneno hayo tangu jana.

Sahihi zilitosha hata bila yake, kwa tabu. Kura ikapigwa mwezi wa Aprili, mwaka themanini na tisa. Karatasi ya kijani ya kuifuta sheria. Karatasi ya njano ya kuiacha. Mimi ndiye niliyesoma matokeo kwenye redio hii jioni ile. Montevideo, kijani ilishinda. Mikoani kwetu, njano. Nchi nzima kwa jumla, njano. Na hapa Rincón del Sauce, njano kwa wingi ambao hata walioipigia hawakushangilia. Hakuna gari lililopiga honi. Watu walifunga madirisha wakala chakula chao.

Asubuhi Orfilia alifungua saluni. Nilimuuliza baadaye alipata wapi nguvu. Alisema, "Ningefanya nini? Ilikuwa Jumatatu, na Jumanne kulikuwa na harusi." Wateja wakaja. Yeye alijua, na wao walijua kwamba anajua. Kila shingo aliyoishika siku ile, njano. Mmoja alianza kulia kitini. Alikuwa mwalimu wa shule, mama mtu mzima.

"Orfilia, niliogopa. Nisamehe, niliogopa warudi."

"Usitikisike, nitakukata sikio."

"Niseme nini sasa?"

"Usiseme kitu. Inamisha kichwa."

Akamkata vizuri, akampuliza shingo, akamwita anayefuata.

Lakini kaka yake, Orfilia hakumsemesha tena. Miaka ishirini, wasikilizaji wapendwa. Narudia kwa kuwa ni vigumu kuamini: nyumba mbili, uani mmoja, miaka ishirini bila neno. Zulma alikuwa anavuka na sahani. "Wifi, kaka yako kachoma mbavu." Sahani ilipokelewa, ikarudi imeoshwa. Haikurudi hata salamu. Amílcar alipopata kiharusi cha kwanza, Orfilia alikaa nje ya chumba cha hospitali usiku na mchana, na alipoambiwa amezinduka akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani.

Na Nelson? Mwaka elfu mbili na mbili mabenki yalipofunga milango na kiwanda kikafa, Nelson aliondoka. Mke, watoto, masanduku, Uhispania. Nilizungumza naye kwa simu jana. Aliniambia hivi: "Nilikwenda kumuaga shangazi. Akanikalisha, akanikata nywele. Alikuwa ananishika masikio, sijui kwa nini, anayashika tu. Akasema, mbele ya baba yako usilie, atavunjika." Nelson hajarudi mpaka leo. Hana sababu, alisema, ni maisha tu. Amílcar alimlinda mwanawe, akampata hai, na bado akabaki uani peke yake akisubiri simu ya Jumapili.

Ikaja kura ya pili. Oktoba elfu mbili na tisa, pamoja na uchaguzi wa rais, karatasi ya waridi ya kuifuta sheria ile ile. Orfilia alikuwa amepita themanini. Meza ya kukunja alibebewa na wajukuu wa watu wengine.

Asubuhi ya kura alikuwa anafunga mlango wa saluni aende kituoni, akasikia magurudumu kwenye vigae vya uani. Amílcar alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, koti la harusi, ndevu amenyoa vibaya kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Kiharusi kilikuwa kimempinda mdomo. Zulma alikuwa nyuma, amesimama mlangoni, hakusogea.

"Dada. Nipeleke."

Orfilia alimwangalia.

"Umechelewa, Amílcar."

"Najua."

"Miaka ishirini umechelewa."

"Najua, dada. Nipeleke hivyo hivyo."

Mji mzima uliwaona. Mimi niliwaona, nilikuwa kwenye foleni pale shuleni. Bibi kizee anasukuma kiti, hapumziki, hataki kusaidiwa. Kijana mmoja alijitolea, akaambiwa, "Kaa kwenye nafasi yako." Alimwingiza mpaka mlango wa chumba cha siri cha kupigia kura. Amílcar akamwonyesha karatasi ya waridi. Orfilia akamwambia, "Usinionyeshe mimi. Tia kwenye bahasha."

Ikakosekana kidogo. Kidogo sana, lakini ilikosekana. Nchi ilisema hapana kwa mara ya pili.

Jioni ile Zulma aliwakuta wote wawili chini ya mzabibu, redio imezimwa. Amílcar alisema, kwa ule mdomo wake, "Tumeshindwa." Orfilia akajibu, "Tumeshindwa." Akaingia ndani, akatoka na wembe na sabuni, akamnyoa ndevu upya. Amílcar alifariki majira ya baridi yaliyofuata.

Sitaki mwondoke hapa mkidhani mambo yalikuja kuwa mazuri. Hayakuwa. Mahakama zilikuja kufungua baadhi ya majalada, wazee wachache wakahukumiwa. Jalada la Heber halikwenda popote. Kambi chache zilichimbwa, mifupa ikapatikana, na kila ilipopatikana Orfilia alipanda basi kwenda Montevideo, akasubiri kwenye benchi, akaambiwa si Heber. Mara ya mwisho daktari kijana alimshika mkono akasema, "Pole, bibi." Akamjibu, "Pole na wewe, mwanangu. Kuna mama mwingine leo amempata wake. Kamwambie yeye."

Kwenye kaburi la familia, chini ya jina la mumewe, hakukubali jina la mtoto lichongwe. Zulma aliwahi kumuuliza. Alijibu, "Wachonge la kwangu. La Heber sijui tarehe."

Kwa Bi Zulma, kwa Nelson na wanawe kule Uhispania, kwa wanawake wote waliokaa kwenye kile kiti: poleni. Redio yenu inawapa pole, nami binafsi nawapa pole. Msafara utaondoka nyumbani kwake saa tisa na nusu. Bi Zulma ameomba watu wasilete maua. Ameomba waje kwa miguu.

Nina neno moja la kumalizia, nalo si kwa wote.

Orfilia alishindwa kura mbili, na hakusema ameibiwa. Aliwahi kuniambia, "Nilishindwa kihalali, Elbio. Ndiyo maana inauma." Kura ni kura. Lakini mwezi uliopita, nikiwa nimempelekea dawa, alisema jambo ambalo naliacha kwenu mlifikirie leo mkiwa mmekaa mezani na watu wenu. Alisema: "Ile sheria iliwaambia hamtashtakiwa. Haikuwaambia mnyamaze. Hilo la kunyamaza wanalifanya wenyewe, kila siku, kwa hiari."

Basi nasema nawe unayejua. Upo. Umeshazeeka kama sisi, una wajukuu, pengine unanisikiliza sasa hivi na kikombe mkononi. Damu ya Orfilia imehifadhiwa maabara, wanaweza kuilinganisha na mifupa hata kesho. Simu ya studio iko mbele yangu, na nitakaa nayo mpaka saa ya mazishi. Sitauliza jina lako. Sitauliza ulifanya nini.

Taja mahali tu.